Hesabu za Marehemu Kaombwe

Bi Nyamizi alikuwa akichambua mchele kibarazani, macho yake yakaangukia ubao wa wanawe uliokuwa umeegemezwa ukutani, na moyo ukamwambia bila yeye kuuuliza: lile swali la juu libadilishwe herufi kwanza, ndipo ligawanywe vipande. Akainamisha uso haraka akarudi kwenye ungo wake. Akasema astaghfirullah, kama mtu aliyejikuta amechungulia dirisha la jirani.

Hakuwa amesoma kupita darasa la saba. Hilo halikumtofautisha na mtu, maana zama hizo hakuna aliyesoma kupita hapo. Shule za mbele zilifungwa pole pole baada ya kuja kilemba. Kilemba ni kitambaa cha nyaya laini. Unazungushiwa wewe mwenye ujuzi, mwenzako asiye nao anazungushiwa cha pili, mnaketi, na baina ya adhuhuri na alasiri fundo la ujuzi linang'oka kwako linaingia kwake. Nani tena akae miaka na miaka dawatini, avunje mgongo, kwa kitu cha mchana mmoja? Ubaya wa kilemba ni kwamba hakinakili. Kinahamisha. Anayetoa anabaki mweupe, hata ukimwonyesha alichokuwa akikifanya jana anakitazama kama maandishi ya Kichina. Ndiyo maana mganga akizeeka humvika kijana wake, akaenda zake kulima. Na ndiyo maana shahidi wa hesabu za bwawa la kusini alipopigwa na radi shambani, watu walimlilia mara mbili, kwa nafsi yake na kwa ujuzi uliozikwa naye.

Marehemu mumewe, Mwalimu Kaombwe, naye alikuwa shahidi, wa Bwawa la Nsimbo lililo juu ya mji wao. Bwawani kulikuwa na mashine ya kupigia hesabu, na haikuwa mbovu. Lakini tangu mwaka ule wa mafuriko, mashine zote zilipokubaliana juu ya jibu moja na jibu lenyewe likawa baya, sheria ilisema hivi: mashine itoe jibu, binadamu aonyeshe njia. Pasipo mtu wa kuandika kwa mkono wake hatua kwa hatua hesabu ya maji yanayoingia, lango halifunguliwi. Na hesabu yenyewe si ya kujumlisha viazi. Maji ya mto hayaji sawasawa. Asubuhi haya, mchana yale, mvua ikikatika yanafifia. Kutafuta jumla ya kitu kisichotulia ndiko wanakokuita hesabu ya mkusanyo. Kaombwe alikuwa ameifanya tangu ujana, baada ya kuvikwa na aliyemtangulia.

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho akaitwa fundi wa kilemba, fundo likatolewa likahifadhiwa. Mtu angedhani ataacha neno, hili apewe fulani. Hakuacha. Akafa kifo chema cha Ijumaa, ulimi ukiwa na shahada, na ujuzi wake ukabaki ndani ya chupa.

Kadhi aliulizwa. Akafikiri kwa muda mrefu, Mungu amlipe, akasema kitu kinachotoka kwa huyu kikaingia kwa yule na kumwacha wa kwanza hana, hicho ni mali, na mali ya marehemu ina mgawanyo wake uliokwisha teremshwa. Mjane apewe thumuni. Kilichobaki, mtoto wa kiume mafungu mawili, binti fungu moja. Hakuna aliyebisha. Familia haikutaka kula haki ya mtu, fundi akapewa amri, naye akalikata lile fundo kwa mizani kama anayekata nyama ya akika.

Kwa hiyo Mrisho, mkubwa, mrina asali ambaye hakuwahi kutamani hesabu hata siku moja, akapata njia ya kubadilisha herufi na yote yanayokwenda nayo. Sikudhani, binti, mdogo wake, mpima kina pale bwawani, aliyekuwa ameitamani kazi ya baba yake tangu akiwa na meno ya utoto, akapata njia ya kugawa vipande. Mama yao akapata kipande kisichokuwa na kazi ya mkono: lile jicho la kutazama swali kabla ya kuligusa na kujua lianzwe na njia gani. Alikuwa na jicho, hana mikono. Watoto walikuwa na mkono mmoja mmoja. Hesabu moja iliwataka wote watatu wakae mkeka mmoja.

*

Siku hiyo ya mchele alikuja Bwana Kisesa, mwenyekiti wa kamati ya bwawa. Alikuwa mtu wa heshima, mwenye sauti ya chini. Akapewa maji, akauliza hali ya afya na ya nyumba, akamwombea marehemu. Kisha akaeleza lililomleta. Mvua zilikuwa karibu. Sheria ilitaka shahidi mmoja, kichwa kimoja, saini moja. Akija mkaguzi akute watu watatu wanasaidiana kuandika mstari, lango litafungwa kwa kufuli. Huko chini ya bwawa kuna watu, akasema, wana watoto. Kamati ilikuwa imekubaliana kwamba fundo la Kaombwe lirudishwe kuwa moja, na kwa vile Sikudhani tayari alikuwa mtumishi wa bwawa, basi liwe kwake.

Aliyasema hayo bila kumtazama Mrisho, na Mrisho alikuwa amekaa pale pale akipangusa moshi wa mizinga mikononi.

Sheria ya mirathi ilimruhusu mtu kuachia fungu lake, ila kwa ridhaa yake, na kwa ridhaa ya warithi wengine. Bwana Kisesa akauliza kama ridhaa ingepatikana.

Sikudhani alikuwa amejibana ukutani, vidole vimeshikana. Msichana yule alikuwa na adabu, lakini furaha ni kama kikohozi. Mama yake aliiona ikimpanda.

"Mimi sina neno," Mrisho akasema. "Nyuki hawaulizi jumla."

Wakacheka wote, mgeni pia. Bi Nyamizi naye alicheka, kisha akamtazama mwanawe vizuri, akaona kuwa mkono aliokuwa akiupangusa ulikuwa umekwisha kuwa safi, naye bado anapangusa.

*

Alimfuata kesho yake porini. Mizinga ilikuwa imetundikwa kwenye miyombo, na Mrisho alikuwa chini, ameketi juu ya gogo, kijiti mkononi, anaandika mchangani. Alipomwona mama yake akataka kufuta kwa mguu.

Bi Nyamizi akamwambia aache. Akatandika kanga akaketi. Hakumuuliza kitu. Alikuwa amelea, na alijua kwamba mwanamume ukimuuliza anafunga mlango, ukikaa kimya karibu naye anaufungua mwenyewe kwa kuchoka.

Mrisho akaanza kwa mbali. Akamkumbusha jinsi baba yake alivyokuwa akimchukua Sikudhani bwawani, amempakata mbele ya pikipiki, na yeye akapelekwa kwa mjomba akajifunze nyuki kwa sababu alionekana hana utulivu wa namba. Akasema hakuona vibaya. Asali imemlisha, na mjomba alikuwa mtu mwema. Ila baba hakumjua. Walikuwa wakisalimiana, wakiulizana habari za mvua. Mpaka anamzika, hakumbuki mazungumzo yao yoyote yaliyochukua muda wa kuchemsha chai.

"Sasa, mama," akasema, "tangu nivikwe, nikifika pale pa kubadilisha, kabla sijaandika herufi mpya, namsikia. Ananiambia, taratibu, mwanangu. Taratibu, usikimbie. Baba hakuwahi kuniambia hivyo akiwa hai."

Bi Nyamizi alijua. Fundo humchukua mwenyewe kidogo. Likikaa katika kichwa miaka mingi linanuka mwenye kichwa. Hata ile thumuni yake ilikuja na kitu: kila alipotazama swali aliona kidogo namna mumewe alivyokuwa akikunja jicho moja.

"Na umekubali kulitoa," akasema.

"Kuna watu chini ya bwawa, mama. Na Siku ndiye anayeliweza. Nikilikumbatia mimi nitalifanyia nini? Nihesabie nyuki?" Akachora kitu mchangani akakiacha. "Nitakosa nilichokuwa nimekikosa. Si jambo jipya."

Mama akainuka, akakung'uta kanga. Alirudi nyumbani akatawadha. Katika sala yake alimwomba Mola amwonyeshe, maana yeye haoni. Alipima huku akapima kule. Binti alikuwa na haki, maana kazi ile ndiyo aliyozaliwa nayo, na watu wa bondeni walikuwa na haki kubwa kuliko wote. Mwana naye alikuwa na haki, ila ya kwake haikuwa na faida kwa mtu mwingine yeyote, na haki ya namna hiyo ndiyo watu huiruka upesi. Alimwendea Kadhi. Kadhi akamwambia kisheria hakuna kizuizi, kila mmoja akiridhia. La moyoni, akasema, hilo sikuletewa mimi, umeletewa wewe.

*

Fundi wa kilemba aliitwa Chilongani, Mgogo wa Bahi, na kwa vile Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, hakumwogopa mtu wa nyumba ile.

"Karibuni, karibuni," akawapokea siku ya kuhamisha, amevaa koti jeupe na kandambili. "Ninyi babu zenu walibeba pembe za ndovu kichwani hadi pwani. Leo kahesabu ka baba yenu kamewashinda, mmekagawana."

"Na wa kwenu walikaa njiani wakitoza kila aliyebeba," Bi Nyamizi akamjibu. "Naona hujaacha."

Chilongani akafurahi sana. Akamkalisha Mrisho kiti cha kushoto, Sikudhani cha kulia, akawazungushia vilemba kwa mikono ya mtu anayejua kazi. Mbele yao palikuwa na kioo. Akabonyeza, kioo kikawaka, pakatokea sura za vichwa viwili kama vibuyu viwili vyeusi. Ndani ya cha Mrisho palikuwa na mviringo wa rangi ya chungwa, mkubwa, umetulia. Hilo ndilo fundo la kubadilisha, akaeleza. Ndani ya cha Sikudhani palikuwa na mviringo mwingine mdogo kuliko huo, nalo ni lake la kugawa vipande. Kioo kilikuwa cha kuonea tu. Mashine ya kuhamisha ilikuwa pembeni, na haiwashwi mpaka warithi watamke ridhaa.

Mrisho akatamka. Sikudhani akatamka, na alipotamka alimtazama kaka yake kwa upande akamwambia ahsante, kwa sauti ndogo. Ikabaki ya mama. Baada ya yake ingefuata thumuni, nayo ihamie kwa binti.

Bi Nyamizi alikuwa amekuja na neno la ridhaa mdomoni. Asubuhi yote alikuwa amelitayarisha. Lakini alipolifikia likawa zito, akaomba jambo moja kwanza. Akawaomba watoto wafanye hesabu moja ya mwisho wakiwa vile walivyo, kwa sauti, yeye asikie.

Chilongani akanung'unika kwamba hapa si madrasa, akatoa karatasi.

Bi Nyamizi mwenyewe akawapa swali, lile lililokuwa ubaoni kwake: e yenye kipeo, na kipeo chenyewe ni kipeuo cha pili cha x. Itafutwe jumla yake. Jicho la mumewe likakunjika ndani yake: kwanza badilisha, kisha gawa.

Mrisho akachukua kalamu. Akafumba macho kidogo, akakaa kama anayesikiliza, na mama yake alijua anasikiliza nini. Ilikuwa mara ya mwisho. Na labda kwa sababu ilikuwa mara ya mwisho, hakuandika upesi na kuisukuma karatasi kama ilivyokuwa desturi yake. Alianza kusema. Alikuwa anajiaga mwenyewe, lakini maneno yalimwendea dada yake.

"Hiki kipeuo ndicho kinachotusumbua," akasema. "Kikae ndani ya nyumba, hatuingii. Kwa hiyo nakipa jina jingine. Nakiita t."

"Kwa nini hicho, usiipe jina x yenyewe?" Sikudhani akauliza. Alikuwa hajawahi kuuliza. Siku zote alingoja zamu yake.

"Kwa sababu x haina kosa. Anayefunga mlango ni kipeuo. Kwenye mzinga humfukuzi malkia, unaziba pale panapovuja. Sasa t ni kipeuo cha x, kwa hiyo x ni t mara t. Sawa?"

"Sawa."

"Hapa ndipo watu wanapoanguka. Taratibu. Ule mkusanyo haukukusanya x tu, umekusanya kwa hatua ndogo ndogo za x. Ukibadilisha x ukaziacha hatua zake, umemvika mtu kanzu ya mwenzake na viatu vya kwake. Hatua nazo zibadilike. x ni t mara t. T ikisogea kidogo, x inasogea kiasi gani?"

Sikudhani akakunja uso. Upande huo wa kupima mwendo alikuwa nao kidogo katika fungu lake, maana hata kugawa vipande kunahitaji. Akasema pole pole, "Mara mbili ya t. Kila hatua ya t, x inakwenda mara mbili ya t."

"Basi iandike."

"Mimi?"

"Una mkono."

Akaandika. Swali lililokuwa limejifungia likawa wazi mbele yake: mbili, t, na e yenye kipeo t. Akalitazama kama mtu aliyefunguliwa chumba cha nyumba aliyokaa miaka yote.

"Hivi ndivyo unavyofanya?" akasema. "Ndiyo maana ukinipa inakuwa imekwisha kulainika."

"Ndivyo. Sasa malizia ya kwako, halafu usisahau, jibu likishapatikana livue nguo za kuazima. Rudisha kipeuo cha x mahali pa t. Hakuna mtu aliyeuliza habari za t."

Sikudhani akashika zamu yake. Vitu viwili vimezidishana: kimoja unakipunguza, ndicho t, cha pili unakikusanya, nayo e ni mpole, ukiikusanya inabaki vile vile. Zidisha, kisha ondoa mkusanyo mdogo uliobaki. Alifanya akieleza, naye kaka yake akiuliza kwa nini t ndiyo ipunguzwe isiwe e, na yeye akijibu kwamba ukipunguza t inaisha, ukipunguza e haiishi hadi kiama. Wakafika. Mara mbili ya e yenye kipeo kile, mara kipeuo cha x toa moja, ongeza ile namba isiyojulikana inayokaa mwisho daima.

Bi Nyamizi hakuwa akitazama karatasi. Alikuwa akitazama kioo, kwa sababu Chilongani alikuwa ameacha kunung'unika.

Katika kibuyu cha kulia, kando ya mviringo wa Sikudhani, palikuwa na kitone kipya. Kidogo, hafifu, rangi ya chungwa changa, kinatetema. Chilongani akaangalia waya wa mashine ya kuhamisha. Ulikuwa umelala sakafuni, haujachomekwa popote.

"Sijawasha," akasema. "Mama, naapa, sijawasha."

Bi Nyamizi hakukitazama tena kile kitone. Aliutazama mviringo wa Mrisho. Ulikuwa vile vile, mkubwa, umetulia. Haukuwa umepungua hata punje.

Alifahamu jambo ambalo bibi zake wote walilifahamu, na ambalo katika kizazi chake lilikuwa limepotea kwa kukosa kutumiwa. Kadhi hakukosea katika kugawa. Walikosea wote walipokubali kuwa ni kitu cha kugawa. Mali ukimpa mtu hunayo. Hiki alikuwa amempa, na anacho.

"Wavue vilemba," akasema. "Sijaridhia."

*

Sikudhani alilia njia nzima. Hakulia kwa kelele. Alipofika nyumbani akasema maneno machache, kwa heshima, na kwa hiyo yakauma zaidi: kwamba kitone ni kitone, kwamba mkaguzi hatahesabu vitone, kwamba mama amempenda kaka kwa kumnyima yeye. Bi Nyamizi hakujitetea. Alisema tu kuwa mwenye nacho atamfundisha, na yeye atajifunza, na hakuna atakayebaki mweupe.

"Kujifunza?" Sikudhani akauliza. "Kama watoto? Hadi lini?"

Hilo mama hakulijua. Hakuna aliyekuwa hai mjini aliyejua kinachukua muda gani.

Bwana Kisesa alipoletewa habari hakupandisha sauti, lakini hakunywa maji aliyopewa. Alimkumbusha tena watu wa bondeni. Bi Nyamizi akamwambia hajawasahau, anawaombea kila sala, na kwamba ndio hasa waliomtia hofu: leo fundo liko katika kichwa kimoja, kesho radi ikipiga? Radi hiyo mwenyekiti aliijua. Alikuwa amekwenda kuzika kule kusini. Mwishoni akasema ataazima shahidi kutoka bwawa la mbali kwa mvua hizi, ila kwa mvua hizi tu. Za mwakani wasimpigie hodi na maneno. Nafasi ya Sikudhani ikaenda kwa mgeni, mzee mmoja mnene aliyekula sana na kuhesabu vizuri, naye Sikudhani akabaki kumshikia fito ya kupimia kina.

Alikaa siku kadhaa akimsalimu mama yake bila kumtazama. Kisha, mvua ya kwanza ilipokwisha kunyesha, akachukua ubao akaenda nao porini kwa kaka yake.

Haikuwa rahisi, na asiseme mtu ilikuwa rahisi. Mrisho hakuwa mwalimu. Aliruka hatua, akakasirika zikiulizwa. Sikudhani hakuwa mwanafunzi. Alizoea kujua, hakuzoea kutojua. Walitukanana kwa mizinga na kwa fito. Binti alisahau kubadilisha hatua ndogo, akakumbuka hizo, akasahau kuvua nguo za kuazima, akabaki na jibu la t ambalo hakuna aliyeliuliza. Siku nyingine alirudi amesahau hata ya jana. Chilongani alipita mara moja na kioo chake cha mkononi, akasema kitone kimekuwa kikubwa kama harage, akaongeza kuwa kwa Mnyamwezi hilo ni ajabu.

Bi Nyamizi alikuwa akija na uji. Siku moja binti akamgeukia akamuuliza, "Mama, wewe unajuaje lipi lianze?" Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ya vilemba kumtazama usoni. Mama hakuwahi kujiuliza. Alikuwa akiona tu. Ilimbidi aliweke bakuli chini, atafute maneno ya kitu kisichokuwa na maneno, akasema huwa anaangalia kama kuna kitu kimejificha ndani ya kingine, hapo ni kubadilisha. Na kama vitu viwili vimesimama bega kwa bega, hapo ni kugawa. Akajisikiliza akisema. Na lile jicho halikumtoka.

Mvua zilipokuwa zinakaribia kukatika, jioni moja ya jua jepesi, Sikudhani alichukua swali ambalo hakuna aliyemgusia. Mrisho alikuwa juu ya mti. Mama yao alikuwa akichemsha chai kwenye mafiga. Msichana akakaa nalo peke yake. Akabadilisha. Akakosea, akafuta, akabadilisha kingine. Akageuza hatua. Akagawa, akapunguza, akakusanya, akarudisha x mahali pake, akaweka mwisho ile namba isiyojulikana. Akaliangalia kutoka juu hadi chini, na Bi Nyamizi, aliyekuwa amemkazia macho, akakunja jicho moja.

Mrisho akashuka, akalisoma. Akalisoma tena.

"Limekaa," akasema.

Sikudhani hakufurahi kwa namna waliyoitarajia. Alikuwa ameshika chaki, anafikiri.

"Kuna jambo," akasema. "Yale ya kugawa, ya fungu langu, nikiyafanya namsikia baba. Mnajua. Anavyoguna. Nilidhani na haya yatakuja naye." Akamtazama kaka yake. "Nilipokuwa nabadilisha nilisikia mtu ananiambia, taratibu, usikimbie. Nikasema ndiye. Nikasikiliza vizuri. Si yeye, Mrisho. Ni wewe. Hata kule kukoroma kidogo ukikasirika kumo."

Chai ikachemka ikamwagika motoni, na hakuna aliyeiwahi. Mrisho alisimama na kamba yake ya kupandia begani. Alikuwa mtu wa mizaha, na mzaha ndio uliomwokoa.

"Sasa wewe binti Kaombwe," akasema, "mimi sijafa. Mbona umeshanirithi?"